Mama Mdogo Alivyonyimwa Umaskini

Mimi ni msomi wa jioni. Wenzangu walipata elimu yao asubuhi, wameoga na wamekunywa chai. Yangu niliipata baada ya kazi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yananigusa kidevu, karabai inavuma juu na kumbikumbi wa wilaya nzima wamekuja kusoma pamoja nasi. Siku nilipofaulu kidato cha nne nilikizungusha cheti changu mtaa wetu wote wa Shanwe, hapa Mpanda, nyumba kwa nyumba, hadi wino ukaanza kupauka. Majirani wakanibatiza Wakili wa Jioni. Sikukataa. Mtu akikupa cheo bure, unamrudishia ili iweje?

Cheo chenyewe nilikifanyia kazi. Nilikodi taipureta nzito kama jiwe la kusagia, nikaweka meza kwenye baraza ya duka lililotazamana na Mahakama ya Mwanzo, nikaanza kuwaandikia watu madai yao. Mawakili wa kweli hawakuruhusiwa mle, na hata wangeruhusiwa, wa karibu alikuwa mbali kuliko mvua za masika mwezi wa Agosti. Kwa hiyo watu walinijia mimi. Nilimwandikia kibarua wa shamba la tumbaku aliyedhulumiwa ujira wake. Nilimwandikia binti aliyetelekezwa na mtoto mgongoni. Nilikuwa na kazi kiasi kwamba vidole vyangu viliota sugu kama kisigino.

Wakati huo Mpanda ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Rukwa, na neno lililotawala nchi lilikuwa kuchangia. Hospitali tulichangia, shule tulichangia, tukabaki kuisubiri siku tutakayochangia jua. Kabla ya jua ikafika zamu ya mahakama. Asubuhi moja karani wa mahakama alitoka na gundi na karatasi, akabandika ukutani ada mpya za madai. Watu wakakusanyika. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na nikaona jambo ambalo sijalisahau: hakuna aliyepiga kelele. Walisoma, wakaguna, wakachukua baiskeli zao, wakaenda zao. Kibarua wa tumbaku alinijia akaniomba ile karatasi yake niliyomwandikia. "Nikaifungie sukari, bosi," akasema, akicheka. Ada ilikuwa imeupita ujira anaoudai.

Waliobaki kwenye benchi la mahakama ni wale ambao ada haikuwatisha. Palikuwa na mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyehamia upande wa Sitalike na ng'ombe wengi, wakinywa maji mto unasimama kuwasubiri. Mtu mwema, nisimsingizie. Alikuwa akininunulia chai. Alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na jirani yake, na kila alipoambiwa alipe hiki, alilipa.

"Mimi sina shida na serikali," aliniambia. "Nikiuza ng'ombe mmoja nafungua kesi. Nikishindwa nauza mwingine, nakata rufaa."

"Na jirani yako?"

"Yeye ana mbuzi," akasema kwa huruma kabisa. "Mbuzi hafiki kwenye rufaa."

Basi ndipo aliposhuka mama mdogo kutoka Ugalla.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, aliyeolewa kule msituni kwa warina asali. Alikuja kwa treni, ile treni yetu ya Kaliua, iliyokuwa inatembea kwa adabu sana: abiria angeweza kushuka, kuchuma uyoga, kuuosha, kisha akapanda behewa la nyuma. Alifika mlangoni kwangu na ndoo ya asali kichwani na vumbi la Tanzania nzima usoni. Hakukaa. Hakunywa hata maji.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye wakili?"

"Wa jioni, mama mdogo."

"Jioni hiyo hiyo inatosha. Shemeji yangu amenichukulia mizinga ya baba."

Habari ilikuwa fupi. Babu yangu, baba yao, alikuwa mrina asali, na kabla hajafa alimkabidhi mama mdogo mizinga yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimfuata msituni tangu utoto na kumshikia moshi. Kila mzinga ulichomwa alama ya babu kwa chuma cha moto. Mama mdogo alipoolewa, mumewe ndiye aliyekuwa akipanda kurina, wanauza pamoja, wanakula pamoja. Mume akafariki. Arobaini haijaisha, mdogo wake marehemu akasema mizinga yote ni mali ya ukoo wao, mwanamke hapandi mti. Na msimu wa kurina ulikuwa unakaribia. Asipoipata mizinga kabla ya msimu, hana chumvi, hana sabuni, na binti yake harudi shule.

"Wazee wa kijiji wamesemaje?" nikauliza.

"Wazee wa kijiji ni kaka zake."

Kesho yake asubuhi nikampeleka kwa karani. Mama mdogo aliingia na ndoo yake, akaitua juu ya meza ya karani, puu, katikati ya majalada. Karani, bwana mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliruka kama aliyewekewa nyoka.

"Mama, nini hiki?"

"Asali."

"Ya nani?"

"Ya kesi."

"Iondoe! Iondoe haraka, watu watasema nimekula rushwa!"

Ikabidi niingilie kati. Kule kwa mama mdogo, watu wakigombania mizinga, kila upande unaleta ndoo ya asali mbele ya wazee. Aliyeshinda anaondoka na ndoo yake. Ya aliyeshindwa inaliwa palepale na waliosikiliza. Ndiyo maana mashauri ya Ugalla yalikuwa mafupi na wazee wake hawakuwa na jino hata moja zima. Mama mdogo alikuwa ameleta ndoo yake, anasubiri kuona ya shemeji.

Karani alipoelewa alivua miwani, akacheka hadi akaifuta. Kisha akaonyesha ukutani. "Hapa kwetu ada ni pesa, mama. Ni hiyo pale."

Nikamsomea. Mama mdogo akageuka kutazama mlangoni.

"Na yeye ametoa kiasi gani?"

"Nani?"

"Shemeji yangu."

"Yeye hatoi kitu. Yeye ni mdaiwa, anaitwa tu."

"Yaani mimi niliyenyang'anywa ndiye nilipe, na yeye aliyeninyang'anya aje bure?"

Karani alitazama dari. Alitazama majalada. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikuwa nimesoma hata habari za mito ya Amerika, na jibu la swali hilo sikulikuta popote.

"Ukishinda," karani alisema mwishowe, "hakimu anaweza kuamuru yeye akurudishie gharama."

"Nikishinda. Na sasa hivi nitoe wapi?"

Mfugaji wa Sitalike alikuwa benchini anasubiri kesi yake. Akaona amsaidie, akamwita mama kwa Kisukuma chake. "Mayo, uza mizinga miwili mitatu, ulipe."

"Baba, mizinga ndiyo kesi yenyewe!"

"Aa," mfugaji akasema, akakuna kidevu. "Hapo pagumu."

Karani alikuwa na moyo. Alingoja watu wapungue, akatuambia kuna njia. Mtu asiye na uwezo anaweza kumwomba hakimu amsamehe ada. Anaandika ombi, anaapa mahakamani kwamba yeye ni maskini, na mdaiwa naye anaitwa aje aseme kama ana pingamizi. Hakimu akikubali, kesi inafunguliwa bure.

Mimi nilishafurahi, mama mdogo akakunja uso.

"Niape kwamba mimi ni maskini?"

"Ni maneno tu, mama mdogo."

"Maneno tu? Maskini ni mtu asiye na watu. Mimi nina watu. Mjane akisema hadharani ni maskini, hajisemi yeye, anawasema waliomwoa. Marehemu alinikosea nini mimi, nikamtukane kaburini?"

Nilimbembeleza siku hiyo yote na nusu ya iliyofuata. Mwisho binti yake ndiye aliyemshinda, na hata hakuwepo. Alikumbuka tu sare yake ilivyochanika begani. Akasema, "Andika. Lakini andika kidogo."

Andika kidogo! Kumwambia msomi wa jioni aandike kidogo ni kumwambia fisi aonje. Nilikaa kwenye ile taipureta, nikamtengenezea mama mdogo umaskini ambao haujaonekana tangu dunia iumbwe. Niliandika kwamba mwombaji hana paa, hana jiko, hana kijiko. Niliandika kwamba usiku anajifunika upepo. Niliandika kwamba kuku wake wa mwisho alihama mwenyewe kwa kuona aibu. Nilipomaliza nilitokwa machozi kwa kazi yangu mwenyewe, nikatafuta bahasha.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Hakimu wetu alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeandika kila kitu kwa mkono wake, polepole, na mtu akienda mbio alimwinulia kalamu. Kushoto na kulia walikaa wazee wawili wa baraza. Shemeji alikuja kutoka Ugalla na koti la Jumapili na dada zake wawili. Huko kijijini mjuaji fulani alikuwa amemfundisha: hakikisha tu huyo mama haonekani maskini, ada itamshinda, kesi itakufa kabla ya kuzaliwa. Ushauri mzuri kabisa. Hata mimi ningemlipisha kwa ushauri ule.

Karani akasoma ombi langu. Alipofika kwenye upepo, watu walianza kukohoa. Alipofika kwenye kuku, mzee mmoja wa baraza aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Mheshimiwa," mama mdogo akasema, amesimama wima kama mwanamke wa kanisani, "hayo ya kuku sikusema mimi."

"Yapi ulisema?"

"Kwamba ada siiwezi. Kijiko ninacho. Sufuria ninazo tatu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakimu aliandika: sufuria tatu.

"Mdaiwa, una pingamizi?"

Shemeji akasimama. Nadhani alikuja na hotuba yake imepangwa vizuri, kuku na shamba la mihogo. Lakini alikuwa ameisikia karatasi yangu. Dada zake walikuwa wameisikia. Watu wa Ugalla waliokuja mjini kuuza nta walikuwa dirishani na walikuwa wameisikia, na treni ya kurudi ni hiyo hiyo moja. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Mheshimiwa, mimi nimetukanwa! Sisi ni watu wa kumwacha mke wa kaka yetu ajifunike upepo? Sisi? Nyie waulizeni watu wa Ugalla! Huyu si maskini!"

"Ana nini?"

"Ana sufuria, amesema mwenyewe."

"Sufuria hazilipi ada. Ana mali gani?"

"Ana shamba la mihogo."

"La ukubwa gani?"

"Dogo," shemeji akakiri. Kisha akamwona mmoja wa wale wa dirishani anacheka, na hapo ndipo hasira ilipompita akili. "Mheshimiwa, huyu mama hajawahi kuwa maskini hata siku moja! Alikuja kwetu na mali! Baba yake alimkabidhi mizinga msitu mzima, ina alama ya baba yake, iko mitini mpaka leo! Mtu mwenye mizinga kiasi hicho utamwitaje maskini?"

Dada yake mkubwa alimvuta koti. Alimvuta kwa nguvu hadi mshono ukalia. Yeye akadhani anapongezwa.

Hakimu aliinua kalamu. "Taratibu. Mizinga ya nani?"

"Ya kwake! Aliyopewa na baba yake!"

"Naandika. Aliyopewa... na baba yake. Iko wapi?"

Shemeji akamtajia, kwa sauti ya mtu anayesomesha: mingine huku, mingine ng'ambo ya mto. Hakimu akaandika yote. Chumba kilikuwa kimya, ningeweza kusikia nzi anafikiri. Ni pale hakimu alipoweka kalamu chini ndipo shemeji alipofunga mdomo, na ukafungwa kama mlango uliokwisha kupitisha ng'ombe.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mahakama imeridhika kwamba mwombaji si maskini, kwa kuwa anamiliki mizinga aliyopewa na baba yake, kama mdaiwa mwenyewe alivyoeleza. Ombi limekataliwa. Akitaka kudai mizinga hiyo, alipe ada kamili.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa linachoma bati. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi, na dada zake wanamsema kwa zamu.

"Nimeshinda au nimeshindwa?" mama mdogo akaniuliza.

"Umeshindwa, mama mdogo."

"Mbona yeye ndiye anayelia?"

Nikajaribu kumweleza. Amesema mizinga ni yako, na hakimu amekubali mizinga ni yako, na kwa sababu mizinga ni yako huwezi kusamehewa ada ya kuomba uambiwe mizinga ni yako. Nilipofika mwisho wa sentensi hiyo nilikuwa nimepotea mimi mwenyewe. Karani, aliyetoka kuvuta hewa, alitikisa kichwa. "Ndivyo ilivyo, mama. Kesi haijafunguliwa, kwa hiyo hakuna hukumu ya mizinga. Kuna uamuzi wa ada tu."

"Hayo maneno ya shemeji, hakimu ameyaandika?"

"Yote."

"Yana muhuri?"

"Ukichukua nakala, nakala inagongwa muhuri."

"Nipe."

Karani akasita. "Nakala nayo ina ada yake. Ndogo, lakini ipo."

Mama mdogo alishageuka. Alikwenda nyumbani kwangu, akaichukua ile ndoo, akarudi nayo kichwani hadi sokoni. Sikuwahi kuona asali ikiisha vile. Wanawake wa sokoni walishaisikia habari ya kuku aliyehama, wakanunua kikombe kwa kikombe, kila mmoja akitaka asimuliwe upya, na mimi nikiwa karibu nikiongeza chumvi: mara kuku akawa wawili, mara akahama na vifaranga. Kabla ya mahakama kufungwa tulikuwa na nakala. Mama mdogo aliiviringisha ndani ya kanga, akaifunga tumboni chini ya nguo, akapanda treni. Shemeji alikuwa behewa hilo hilo. Walisafiri wakitazamana njia nzima, na kwa treni ile, njia nzima ni muda wa kumaliza Agano la Kale.

Yaliyotokea Ugalla nilisimuliwa. Mama mdogo aliipeleka karatasi yake kwenye mkutano wa kijiji, akamkabidhi mwenyekiti, akasema, "Someni nilivyoshindwa." Mwenyekiti akasoma kwa sauti: mahakama imeridhika kwamba mwombaji anamiliki mizinga aliyopewa na baba yake, kama mdaiwa mwenyewe alivyoeleza. Kisha akaugeuzageuza ule muhuri kwenye mwanga. Wazee, kaka zake shemeji, walimtazama mwenzao. Angesema nini? Kwamba alidanganya mbele ya hakimu ili mjane wao asionekane maskini? Msimu ulipofika, mama mdogo alikodi vijana wawili wa kupanda miti, akaingia msituni na moshi wake.

Ningependa kuishia hapo, na nikiwa kwenye pombe huishia hapo. Lakini mizinga ya ng'ambo ya mto hakuipata. Shemeji alikuwa ameshaiuza kwa mfanyabiashara mmoja kabla hata ya kuja mjini, na mfanyabiashara huyo alipoonyeshwa karatasi alisema haina jina lake, yeye alinunua kwa pesa yake, anayetaka aende mahakamani.

Kwa hiyo mama mdogo alirudi Mpanda baada ya mavuno, amenenepa kidogo, ana viatu vipya. Tukaenda pamoja ukutani. Karatasi ya ada ilikuwa imepauka kwa jua, lakini tarakimu zilisomeka vizuri tu. Nilimwambia tufungue kesi, hii tunashinda macho yamefumbwa, nitaandika hadi hakimu aombe maji. Nilikuwa nasema kweli. Kesi nzuri kama ile haijapita mezani kwangu tena.

Alisimama pale muda mrefu, anasogeza midomo. Nilijua anapiga hesabu ya asali.

"Nikilipa hii," akasema, "asali ya mizinga iliyorudi imekwenda yote kuifuata ambayo haijarudi."

"Lakini tutashinda."

"Lini?"

Nikatazama benchini. Mfugaji wa Sitalike na jirani yake walikuwa bado wako kwenye ule mpaka, na jirani alikuwa amebakiza mbuzi mmoja.

"Mtoto anaanza muhula Jumatatu," mama mdogo akasema. Tukaenda sokoni kununua daftari na kitambaa cha sare. Jioni nikamsindikiza stesheni, nikiwa bado namlaumu, namwambia haki yake anamwachia mfanyabiashara ale nayo mkate. Aliniachia niseme hadi nikachoka, kama wanavyoachiwa wasomi. Treni ilipoanza kusogea, kwa ule mwendo wake wa kuaga mtu mmoja mmoja, nilitembea kando ya dirisha lake.

"Watu wakikuuliza," akasema, "usiwaambie niliacha kwa umaskini. Mimi si maskini, hakimu mwenyewe aliandika."

"Niwaambie nini sasa?"

Alifikiri mpaka jukwaa likawa linakaribia kuisha.

"Waambie si maskini," akasema. "Ila ada ya kesi haiwezi."